Dume Aliyelinda Mayai

Mvua za kwanza ziliponyesha, Obonyo alipiga kasia peke yake hadi kwenye matete. Kila msimu kama huo, samaki wanapopanda maji mafupi kutaga, alikuwa akivua hapo na mkewe, Asenathi. Mwaka huu Asenathi alikuwa kaburini.

Ndoano ilinasa upesi. Alikuwa dume mnene wa mdomo mpana, aliyekuwa akilinda mayai.

"Leo wewe na mama mtashiba, mzee!" alipaza sauti mvuvi wa ng'ambo, asiyejua habari za msiba.

"Tutashiba," alijibu Obonyo.

Alimchomoa ndoano taratibu, akamrudisha majini. Samaki hakukimbia. Alirudi palepale juu ya mayai, akaanza kuyazunguka. Obonyo akalaza kasia, akaketi akimtazama.