Kikombe cha Mama Mkwe

Maximilla alikuwa amefumba macho kama wengine, lakini maombi ya mama mkwe yalipofika katikati, macho yalimtoka pima.

"Asante Bwana, tangu Sabato ile nilipobatizwa pale ziwani umenitoa kwenye chai, umenitoa kwenye kahawa..."

Mbele ya mama huyo, mezani kwao Migosi, kikombe kilikuwa kinafuka. Kahawa! Maximilla aliichemsha kwa maziwa matupu, akatia sukari bila huruma na matone ya ile vanila ya keki, ili mama mkwe, aliyekuja kumwona mara ya kwanza, arudi nyumbani akimsifu. Mumewe, aliyesahau kumpa habari za ubatizo, sasa alikuwa anatazama dari.

"Amina," mama akasema, akapiga funda. Povu lilibaki juu ya mdomo wake kama masharubu ya chifu.

"Mama," Maximilla akaanza, "hiyo ni..."

"Nyathina, mtoto wangu, nimekuuliza?" Mama alilamba povu lote, kushoto mpaka kulia, halafu akasukuma kikombe mbele. "Ongeza. Jina lake usinitajie."