Mwizi wa Magunia

"Wamelivua tena, 'M'e."

Ntate Sekhonyana, mzee wa jirani, alisimama blanketi begani, birika tupu mkononi, mlangoni kwa 'Mathakane, aliyemwita 'M'e, yaani mama, kwa heshima. Bomba la uani kwake lilikuwa limeganda. Magunia aliyolifungia jana jioni lisigande yalikutwa yametupwa kando ya ukuta, kama ilivyokuwa karibu kila asubuhi tangu baridi ianze.

"Watu gani hao wasio na haya?" 'Mathakane aliuliza, birika ameshalipokea. "Bomba langu liko hapo hapo, limevaa blanketi zima, na hawaligusi."

"Labda wanakuogopa."

"Basi wana akili kuliko wewe."

Mzee akacheka, akaketi karibu na moto wa samadi. Maji yalichemka na hakuondoka. Uji mchachu ukamiminwa, habari za kondoo zikaanza, na huyo mwizi asiyechukua kitu akasahauliwa.

Pale Ha Khauoe, juu milimani Lesotho, mjane na mgane hawatembeleani hivi hivi. Wangesemwa mpaka kanisani. Lakini anayeomba maji asubuhi ya baridi haulizwi kitu na mtu yeyote. 'Mathakane alikuwa ameishi miaka mingi jirani na mtu huyu bila kujua kwamba ni mcheshi. Siku hizi, jioni nyumba inapokuwa kimya, alijikuta akimwombea mwizi afya njema.

Jumamosi akaja Lineo, binti wa mzee, kutoka Maseru, na fundi wake. Bomba likavishwa sponji nene, juu ya sponji bati, juu ya bati nyaya zilizokazwa barabara.

"Hili sasa halivuliki," fundi alijigamba.

"Ahsante, mwanangu," Ntate Sekhonyana alimwambia bintiye, kwa sauti ya mtu aliyezawadiwa viatu visivyomtosha.

Lineo akamgeukia jirani. "Samahani kwa usumbufu wote, 'M'e. Hatakugongea mlango tena."

"Afadhali," 'Mathakane alijibu. "Nilikuwa nimeshamchoka." Akaingia ndani upesi, maana machozi yalikuwa yanakuja.

Jumapili hakuna aliyebisha hodi. Jumatatu pia. Alipika uji wa watu wawili kwa mazoea, akala peke yake, mwingine ukapoa sufuriani. Mumewe alipofariki alilia, na watu wakaja kumliwaza. Upweke huu wa sasa, wa kumsikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, hakuwa na wa kumwambia. Na yule mwizi, mvivu mkubwa, alikuwa ameshindwa na nyaya kidogo tu.

Jumanne alfajiri, ua wote ukiwa mweupe kwa sakitu, 'Mathakane alijitanda blanketi, akachukua koleo la kukatia nyaya la marehemu mumewe na kutoka akinyata. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama mzima, mzee wa kanisa, anakwenda kuharibu bomba la watu! Hata hivyo miguu haikusimama. Akaizunguka pembe ya nyumba ya jirani.

Ntate Sekhonyana alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba, ameshika koleo jipya lenye kibandiko cha duka, waya wa kwanza ameshaukata.