Mikono ya Alfayo

Elmina alilipiga teke beseni la Alfayo, dresa aliyesafisha na kufunga vidonda, maji yakammwagikia viatuni. Akamwambia mbele ya wagonjwa wote kwamba mikono yake ndiyo inayoua.

Hakuna aliyemkanya. Tangu masika yaanze, wanawake waliingia hospitali ile ya shamba la chai wazima, wakajifungua salama, kisha homa ikawachukua. Aoko, wa mwisho wao, alikuwa amezikwa Jumatatu. Vile vidonge vyekundu vipya kutoka ng'ambo, vilivyomponya Adoyo homa kama hiyo mwaka jana, kwake havikufanya kitu. Na sasa kwenye kitanda cha dirishani alilala Phelis, binti pekee wa Elmina, uchungu umeshaanza.

Elmina alihudumu katika wodi hiyo ya uzazi, na usafi wake uliwaudhi wenzake. Alichemsha mashuka, akachemsha mikasi, akajisugua mikono hadi ikachubuka. Kila aliyejifungua, Elmina alimwinamia akamwimbia wimbo wa kanisa, ingawa baridi ya Kericho ilikuwa imemkwaruza sauti. Alfayo je? Ananuka tumbako, anapiga miayo, halafu anashika vidonda vya watu! Elmina alimchukia kabisa.

Daktari, Mzungu mpole asiyependa ugomvi, alikuwa amepitisha pamba kooni mwa kila mfanyakazi, akazituma Nairobi kwa treni kutoka Fort Ternan zikapimwe. Jambo hilo lilizidi kumpandisha Elmina hasira.

"Uchafu iko kwa mkono," alimwambia. "Wewe unatafuta nini kwa koo?"

Akaapa kuwaita wanaume wote wa kambini kama Alfayo hataondolewa kabla Phelis hajajifungua. Daktari akanywea, akampeleka Alfayo stoo.

Basi mjukuu alipozaliwa, alipokelewa na Elmina mwenyewe. Mtoto hakulia. Elmina akamwekea mdomo, akampulizia pumzi, akampulizia tena, mpaka akalia. Kisha akamwinamia Phelis, akamfuta jasho, akamwimbia. Wote wawili walikuwa wazima, na kwa mara ya kwanza tangu masika Elmina alicheka.

Alikuwa bado amempakata mtoto Alfayo alipotokea mlangoni. Elmina akamuuliza amekuja kumuua nani tena.

Alfayo hakuingia.

"Majibu imetoka Nairobi, Mama Phelis," alisema, macho chini. "Mdudu ya hii homa imeonekana kwa koo ya mtu mmoja tu. Daktari anasema uweke mtoto chini, utoke."