Mitungi Mitano ya Venansi

Mpaka leo nikisikia upepo unavuja kwenye tairi, huwa nasimama kusikiliza.

Mwaka hamsini na nne, asubuhi niliyopanga kumwacha mume wangu Venansi na kurudi kwetu Kapalamsenga, kando ya ziwa, yeye alichuchumaa sebuleni na pampu ya baiskeli. Alikuwa anajaza mpira wa ndani wa tairi la lori.

Furushi langu lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kipande cha kanga. Miezi minne pale kwake Nsemulwa, mbali na maji, nilikuwa nalililia ziwa, ndipo akaniletea samaki watano wadogo wenye milia. Kwa kuwa walipigana, kila mmoja alipewa mtungi wake wa kioo. Sasa wote walikuwa juu ya maji, wanatweta kwa kukosa hewa.

Kwenye ule mpira alichomeka mrija mmoja, akaugawa matawi matano, kila mtungi na lake.

"Kaa kidogo," aliniambia. "Lori la ziwani halijafika."

Akafungua kibanio cha mrija. Mapovu yakapanda mitungi yote kwa pamoja. Nikainamisha sikio. Ilikuwa sauti ya maji yanaporudi kwenye changarawe za kwetu, alfajiri.

Mara maungio yakaanza kuvuja, mapovu yakapungua. Venansi akayabana kwa vidole vyake vyeusi kwa grisi.

"Kamba imeisha," akasema bila kunitazama. "Nitafutie chochote cha kufungia."

Nje, lori lilipiga honi.

Nikapiga magoti mlangoni, nikaanza kufungua fundo la furushi langu.