Mtamba wa Ishirini na Moja

Padre aliposema, "Tuombe," Mzee Nyangwine alijibu kwa sauti, "Jumla saba."

Kanisa zima likageuka. Mkewe, Rhobi, akamfinya paja. Mzee hakuona haya. Alikuwa amewahesabu waumini tangu walipoanza kuingia mlangoni: mtoto, jumlisha moja, kijana, acha, mzee, toa moja. Kijitabu kilisema fanya mazoezi popote ulipo, naye alikuwa mwanafunzi mtiifu.

Kijitabu hicho kilisahauliwa na mgeni katika kambi ya watalii karibu na Robanda. Simioni, mwanawe, dereva wa kambi hiyo, alimletea baba yake kwa kuwa alijua anavyopenda kusoma. Mzee alikaa nacho mwezi mzima, kamusi pembeni. Kilieleza mchezo wa karata uitwao ishirini na moja na siri ya kuushinda. Karata ndogo ikitoka, jumlisha moja. Yenye picha ikitoka, toa moja. Jumla ikipanda, ujue karata kubwa bado zimelala kwenye rundo. Hapo weka dau zito.

Kisha kambi ikatangaza siku ya majirani. Wanakijiji watacheza ishirini na moja kwa vipande vya plastiki, na atakayemaliza na vingi kuliko wote atapewa mtamba wa kisasa, mwenye mimba.

Nyumba ya Mzee haikuwa na maziwa tangu ukame uue ng'ombe wake wawili. Rhobi alinunua kwa jirani yao Werema, na Werema aliyapima polepole ili apate muda wa kucheka. Alikuwa na sababu. Mwaka jana, katika mvua ya mawe, alikimbilia kibanda cha shambani, kumbe mke wa mwanawe amejisitiri humo humo, na kwa mila baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai mahali pamoja. Alijitetea mbele ya baraza la wazee kwamba hakumwona. Mzee Nyangwine, mwenyekiti wa baraza, alisimama na fimbo yake.

"Macho unayo, miguu unayo. Mtamba mmoja."

Mtamba wa Werema akachinjwa siku hiyo hiyo, na mbavu alikula mwenyekiti.

Sasa mwenyekiti alijenga banda jipya. Akampa mtamba wa kambi jina la Faida kabla hajaona hata mkia wake.

"Baba Simioni, huyu ng'ombe wa kwenye karata anakula nini?" Rhobi aliuliza.

"Majani, kama wenzake. Gawa!"

Rhobi aligawa huku akichambua maharage. Siku moja mke wa Simioni alikuja kumsalimia mama mkwe. Mzee alipoona kanga yake kwenye kona ya ua, aliruka ndani ya zizi la mbuzi na karata zake mkononi. Miaka minne mkwe yule ameolewa, na Mzee alikuwa hajakaa naye hata kwenye kivuli kimoja. Alibaki zizini mpaka jioni, lakini mazoezi hayakulala: mbuzi mweupe, jumlisha, mweusi, toa.

Siku ya majirani ikafika. Faida alikuwa amefungwa kwenye nguzo nje ya hema, mnene, pua imelowa. Mzee alimpapasa shingo, akamnong'oneza, "Subiri kidogo, mama."

Ndani alikaa akiwa amevaa koti lake la harusi. Kijitabu kilikuwa na amri moja kubwa: usimtazame mgawaji, tazama karata. Kwa hiyo tangu alipoketi, hakuinua macho juu ya kitambaa cha meza.

Mambo ya kambini yalimshangaza kidogo. Mgawaji alikaa upande upande, kiti kimevutwa nyuma, na kila karata aliisukuma kwa rula ndefu. Mzee akadhani ndiyo adabu ya wazungu. Kabla ya karata ya kwanza, alimsikia mgawaji akimnong'oneza Judith, msimamizi wa kambi, na Judith akajibu, "Hakuna mwingine wa kushika meza hii. Endelea tu."

Mzee alitabasamu. Walikwishajua kwamba bingwa amefika.

Alicheza kama alivyofundishwa. Jumla tatu, kipande kimoja. Jumla sita, vipande vitano. Kibarazani watu walianza kushangilia, na aliyeshangilia kuliko wote, ajabu, alikuwa Werema.

"Usiinue macho, mura! Utapoteza hesabu!"

Moyo wa Mzee ukalainika. Kumbe Werema ni mtu mwema. Akaamua kumpa ndama wa kwanza atakayezaliwa.

Saa kumi kasoro, karata ndogo zilitoka mfululizo kama siafu. Jumla kumi. Jumla kumi na moja. Jumla kumi na mbili! Mzee alivuta pumzi, akasukuma vipande vyote mbele. Rula ikaleta karata yenye herufi A. Ikarudi, ikaleta mfalme.

"Ishirini na moja!" Judith alipiga kelele. "Mtamba ni wa Mzee Nyangwine!"

Rhobi alipiga kigelegele, kisha kikakatika katikati. Mzee hakukiwaza. Alisimama, akanyoosha koti, na kwa mara ya kwanza tangu saa nane akainua uso ili amshukuru mgawaji.

Mke wa Simioni alikuwa ameinama nyuma ya kofia ya kambi, rula mkononi.

Nje, Werema alikwishamfungua Faida na alikuwa anamkabidhi kamba mzee wa pili wa baraza.

"Macho unayo, mwenyekiti," alisema kwa upole. "Miguu unayo."