Sauti ya Majaribio

Kampuni ya chipu za sauti iliuzwa, na wenye mali wapya walitaka sauti ya majaribio ifutwe siku hiyohiyo.

Sauti hiyo ilikuwa ya marehemu mke wa fundi waliyemwita Masikio. Mkewe aliirekodi zamani, kampuni ikiwa bado watu watatu na meza moja. Tangu hapo kila chipu, kabla ya kufungwa kwenye boksi, ilichomekwa kwenye spika ya Masikio ikasema: "Haya, baba watoto, nasikika au nipige kelele?" Halafu kicheko kidogo cha puani.

"Mashine itapima kwa mlio, ni haraka zaidi," meneja mpya alisema. "Mzee, nikuhamishie hii kwenye simu?"

"Kwenye simu atakuwa marehemu, mwanangu. Hapa tulikuwa kazini."

Masikio alichomeka chipu ya mwisho, akangoja kicheko kiishe chote, kisha akaifuta sauti kwa mkono wake mwenyewe, asije akafutiwa.

Mshahara haukupungua hata senti. Kazi ya kutwa nzima sasa iliisha kabla ya saa saba mchana, na baada ya hapo hakuwa na wa kukaa naye.