Wimbo wa Kuwaaga Wageni

Asubuhi ya kuteremka mlimani Mchau hatulii. Mara akaze kamba ya mzigo, mara ailegeze.

"Anzisha wimbo, Mchau! Wageni wanangoja," kiongozi wa msafara alimhimiza.

"Sauti imebaki kule juu, kaka."

"Basi ifuate, na kazi usirudi kuiomba."

Kule juu baridi ilikuwa imemuua Ndelamio, mpagazi mwenzao, aliyelazwa nje kwa sababu hema la wapagazi lilijazwa viti vya wageni. Wageni waliambiwa anaumwa tumbo, ameshateremshwa.

Mchau akavuta pumzi, akaimba kwa nguvu: "Ndelamio!"

Wapagazi wakatazamana. Mmoja akaitikia, kisha wote: "Ndelamio!"

Wageni wakachangamka, wakaingia kucheza, kila mmoja akijitahidi kulitamka vizuri lile jina.